Posa Iliyokwama kwenye Raga

Baba mkwe wangu ni mtu wa Wales, na alicheza raga za aina mbili. Naeleza hili mapema kwa sababu nusura linikoseshe mume.

Aina ya kwanza huchezwa na watu kumi na watano, ya pili na kumi na watatu. Mpira ni wa umbo la yai vilevile, na watu wanavunjana meno vilevile. Ila enzi za ujana wake wale kumi na watano walicheza kwa mapenzi, eti, na wale kumi na watatu walilipwa. Tofauti hiyo ilitosha kuvunja undugu. Aliichezea timu ya kijiji chao, akavaa jezi nyekundu ya taifa, kisha klabu moja ya wale wa kulipwa, ya kaskazini mwa Uingereza, ikaja kumposa jikoni kwa mama yake. Baba yake alikuwa ameshakufa na paa lilikuwa linavuja. Akakubali.

Basi picha yake ikashushwa ukutani kwenye klabu ya kijiji. Akapigwa marufuku ya maisha, hata bia asiingie kunywa pale. Kaka yake mkubwa, nahodha wa timu, akatangaza mbele ya watu kwamba hana mdogo. Tena hakuwa amelewa. Miaka ikapita, raga ile ya mapenzi nayo ikaanza kulipa mishahara na marufuku ikafutwa. Hakuna aliyemwomba radhi. Nadhani walikuwa na shughuli nyingi za kupokea mishahara. Yeye magoti yalikuwa yamekwisha, ameoa Mbelgiji, yuko Brussels anamsimulia mechi zake yeyote asiyejua kukimbia.

Mimi ni wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Kwetu kijana haji kuposa, wala kutoa dot, yaani mahari, na baba peke yake. Tonton wangu, ndugu wa baba, aliyeipenda Ubelgiji yote isipokuwa mvua na Wabelgiji, alikuwa mkali.

"Iko wapi tonton yake ya upande ya baba? Bila ule muntu hakuna dot, hakuna mariage. Ule papa akikufa, sisi tutaongea na nani?"

Mchumba wangu akampigia simu baba yake mkubwa huko Wales. Mzee akajibu atakuja kwa ajili ya kijana. Na baba yake? Huyo, alisema, hamjui.

Siku ya posa tulikusanyika kwa tonton, mtaa wa Koekelberg hapo Brussels. Bibi harusi hukaa chumbani na shangazi zake mpaka aitwe. Lakini binamu aliyepaswa kutafsiri Kiingereza alizuiwa kazini, kwa hiyo nikatolewa chumbani kuja kutafsiri bei yangu mwenyewe. Heshima iliyoje.

Baba mkwe alikuwa ameshakaa kwenye kochi; kaka yake kutoka Wales alisimama karibu na mlango, koti mwilini. Tonton akamgeukia.

"Ule papa mwenye kuikaa pale, iko nani kwako?"

Kwake lilikuwa swali la kufungulia mazungumzo tu. Nikatafsiri. Mgeni akatazama viatu vyake. Hata shangazi zangu wakatoka chumbani kuja kusikiliza.

"Ni mdogo wangu," akasema mwishowe, chini chini.

Tonton hasikii vizuri. "Aseme kwa nguvu."

Hilo nililitafsiri kwa raha kubwa. Mzee akarudia, safari hii mpaka jirani wa juu akasikia.

"Bon," tonton akamgeukia baba mkwe. "Na weye, papa, unamukubali?"

Swali hilo hatukulitarajia, ila nikalitafsiri. Baba mkwe, mtu anayesalimiana hata na tramu, akageuza uso dirishani. Nikaiona harusi yangu inateremka ngazi. Niliwakasirikia wote wawili, watu wazima wamenifungia ndoa yangu ndani ya mechi yao. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na haki ya kukataa. Ningekuwa yeye, ningekataa.

Yeye hakukataa. Alijivuta kwenye kochi, pole pole, magoti yale, mpaka pembeni yake pakapatikana nafasi. Kisha akapapiga kwa kiganja.

Kaka yake akavua koti, akaja akakaa. Hawakutazamana. Mabega yao yaligusana tu, kochi lenyewe likiwa dogo.

"Donc tuanze," tonton akasema, akaniangalia.

Basi tuanze: maneno mawili tu, nami kwa kulia sikuweza kuyatafsiri.