Amiri wa Mkono Mmoja Ndani ya Basi Langu

Mimi niliishia darasa la nne, na sioni haya kulisema, kwa sababu leo nina mabasi madogo matatu yanayolala Barking, kwenye uwanja ninaoukodi mwenyewe. Watanzania wakija Landani kwa harusi au mahafali ya watoto wao, mimi ndiye ninayewatembeza. Na siwatembezi kimyakimya kama dereva wa teksi. Nashika kipaza sauti, nawapa historia: wafalme waliokatwa vichwa, malkia aliyewakatalia wachumba wote, wachoraji waliokufa na njaa halafu picha zao zikagombaniwa na matajiri. Yote kwa Kiswahili. Hakuna mwingine anayeifanya kazi hiyo kama mimi, waulizeni.

Historia hiyo sikuisoma. Kiingereza cha vitabuni kinanichosha macho. Niliipata kwa kusikiliza. Miaka ile nilipokuwa nafagia maofisi katikati ya mji, mchana nilikula mkate wangu Trafalgar Square karibu na waongoza watalii, nimewapa mgongo kama sina habari nao. Nikaokota kipande leo, kipande kesho. Palipobaki tundu, niliziba mwenyewe.

Aliyekuwa ananikosesha utulivu ni binti yangu. Alikuwa anamaliza chuo, kasomea historia hasa, na kila mwanafunzi alipewa tikiti mbili za mahafali. Ya kwanza ya mama yake. Ya pili, nilipouliza, alijibu kwamba atafikiria. Alijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia vizuri sana lakini kinywani hakitoki. Atafikiria! Mke wangu ndiye aliyenipa ukweli, tukiwa jikoni.

"Anaogopa utaongea. Umesahau sekondari ulivyomshika mwalimu mkuu nusu saa nzima, unamweleza mabasi?"

Sikusahau. Wakati huo yalikuwa mawili tu.

Wiki nzima sikukalika. Nilikuwa naosha basi lililokwisha oshwa, napandisha ngazi sina ninachokifuata juu. Mwisho nikamwomba aje Jumamosi, akae kiti cha mbele, amsikie baba yake kazini. Nilijiambia akinisikia tu, tikiti ni yangu.

Jumamosi hiyo nilikuwa na wageni kumi na mmoja waliokuja harusini. Kati yao alikuwepo shangazi wa bibi harusi, mama wa makamo ndani ya koti la kuazima lililomfika vifundoni, ambaye tangu tunapita Stratford alikuwa ameshauliza kwa nini Wazungu hawasalimiani na kwa nini mto wao una rangi ya chai. Mimi kitini sikutulia. Natazama barabara, natazama kioo, namtazama mtoto. Kajaza vidude vyake vya muziki masikioni.

Trafalgar Square huruhusiwi kusimamisha gari, kwa hiyo mimi huzunguka. Mzunguko wa kwanza nikawaonyesha ile nguzo ndefu yenye sanamu juu yake.

"Mnamwona kule juu? Huyo ni amiri wa majini. Mkono mmoja, jicho moja, na Mfaransa akisikia jina lake anatafuta pa kujificha."

"Jicho moja, halafu wakampandisha juu kote kule," shangazi akasema. "Anaona nini?"

"Anamchunga Mfaransa, shangazi. Hawa ni watani, kama Mhehe na Mngoni. Walipigana mpaka wakachoka, sasa wanachekana misibani."

Basi zima likacheka. Nikaona mtoto ametoa kidude kimoja sikioni, nikapata moto. Mzunguko wa pili nikaongeza.

"Sasa huyu alikuwa na rafiki yake, jenerali wa nchi kavu, yule aliyekuja kummaliza kabisa mfalme wa Wafaransa. Tunakwenda kumwona, yuko juu ya farasi. Watu wa sahani moja hao! Huyu bahari, yule nchi kavu, wakikutana wanagawana vita kama nyama."

"Baba," binti yangu akasema kwa Kiingereza chake, "si kweli. Walikutana mara moja tu maishani."

"Kasema nini mtoto?" shangazi akauliza.

Ningeweza kusema lolote. Lakini mtoto alikuwa ananitazama, si kwenye kioo, usoni.

"Kasema walikutana mara moja tu."

"Haya, atuhadithie yeye. Wewe tafsiri, baba. Pumzisha hicho kipaza sauti, kimeshapata joto."

Wakacheka tena, safari hii si kama mwanzo. Nikampa mtoto kipaza sauti. Mimi nikabaki na koo langu na usukani, nikitafsiri sentensi baada ya sentensi kama nilivyokuwa nikimtafsiria mhubiri mgeni kanisani. Na mkalimani hajui sentensi inayofuata inakwenda wapi.

Akasema: walikutana kwenye chumba cha kusubiri, kila mmoja amekuja kumwona waziri, na waziri kachelewa. Nikatafsiri. Akasema: jenerali alimtambua amiri kwa ule mkono uliokatika, lakini amiri hakumjua jenerali. Nikatafsiri. Akasema: amiri akaanza kuongea. Akaongea juu ya nafsi yake tu, mambo yake tu, kwa majivuno mpaka jenerali akaona aibu kwa niaba yake.

Hiyo nayo niliitafsiri. Nyuma nikamsikia shangazi: "Namjua huyo." Waliangua kicheko mpaka taa ikawa kijani na aliye nyuma yangu akapiga honi.

Mtoto hakucheka. Aliendelea taratibu. Amiri alihisi kwamba huyu si mtu hivihivi, akatoka nje kumuuliza mlinzi wa ofisi ni nani aliye ndani. Akaambiwa. Aliporudi alikuwa mtu mwingine: akaongea mambo ya nchi na ya vita, kwa akili, na akasikiliza. Jenerali akasema uzeeni kwamba hajapata kuwa na mazungumzo matamu kuliko yale, na kama waziri asingechelewa angeondoka akidhani yule ni mpuuzi. Wiki chache baadaye amiri akafa vitani.

Hyde Park Corner niliegesha barabara ya pembeni, wageni wakaenda kupiga picha na farasi wa jenerali. Tukabaki wawili. Vidole vyangu vilikuwa vinapiga ngoma kwenye usukani.

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Ndiyo niliyoandika kumalizia chuo. Jinsi majenerali wanavyojihadithia."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza, Baba."

Nilikuwa na la kujibu. Nina la kujibu siku zote. Nikalimeza, nikauliza: "Huyo waziri alikuwa anafanya nini humo ndani?"

Akageuka kitini, akaanza. Mikono inakwenda huku na huku, kama yangu. Mara nne nilitaka kumwambia jinsi mimi nilivyowahi kusubirishwa ofisini na mtu asiyenijua. Mara nne nikafunga mdomo. Wageni walirudi bado anaongea, na aliongea mpaka tukafika Barking.

Tikiti iliingia kwenye simu yangu Jumanne. Chini yake kaandika kwa Kiswahili, maneno yamepinda lakini ni yake: *Baba, siku hiyo mimi ndio nitakutambulisha kwa mwalimu wangu. Wewe subiri.*

Suti nimenunua. Tangu hapo, nikiwa peke yangu ndani ya basi, nafanya mazoezi ya kusubiri. Mpaka sasa nimefika dakika nne.