Redio Moja, Nyumba Saba

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa darasa la pili huko Mtae. Shule ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa nyumbani kwa mama nikipalilia maharage bila furaha yoyote, mwalimu mkuu aliponiita. Alisema amekuja mtaalamu wa takwimu kutoka Dar es Salaam, anataka mtu wa kumtafsiria Kishambaa. Niliacha jembe palepale shambani. Mama aliliokota, akaendelea kupalilia.

Mtaalamu alikuwa kijana wa Muheza, mpole, mwenye viatu vya mjini visivyojua miteremko. Alinieleza kazi yake tukiwa ukingoni mwa kijiji, pale ardhi inapokatika ghafla, ukaiona mbuga ya Mkomazi yote chini na, siku ya hewa safi, nchi ya majirani zetu ng'ambo yake.

"Wale wametutangulia," alisema, akiwaelekezea kalamu. "Wana redio nyingi, bati nyingi, hata sukari wanakula kutushinda. Serikali inataka kujua pengo ni kubwa kiasi gani na linapungua kwa kasi gani. Tukilijua hilo, tutajua lini tutawafikia."

Akanionyesha orodha: bati, redio, saa ya ukutani, taa ya chemli, cherehani, viatu, baiskeli. Nikamwambia kuwa baiskeli, kwa njia zetu, ni ya mtu aliyechoka kuishi. Akasema orodha ilitengenezwa ofisini.

Tukaanza asubuhi ya Jumatatu. Siku hizo watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa sehemu nyingi, na uvumi ulikuwa umetutangulia: kitakachoandikwa kitakuwa cha wote. Basi kila nyumba tuliyoingia ilikuwa fukara kuliko niliyoifahamu. Taa zilikuwa zimeyeyuka. Viatu nilivyoviona kanisani jana yake havikuwahi kuwepo. Mama mmoja aliyekaa chini ya bati jipya linalong'aa alisema bati si lake, ni la mwanawe aliyeko Tanga, ameliweka hapo lisipate mvua.

Kwa mzee mmoja wa kanisa, mtaalamu aliuliza, nami nikatafsiri, "Je, unayo redio?"

"Redio? Sina, mwanangu."

Hapo hapo, kutoka darini kwenye mahindi, sauti nzito ya kiume ikaanza kusoma taarifa ya habari kwa Kiswahili sanifu. Mtaalamu akainua macho.

"Huyo ni nani?"

"Ni mke wangu," alijibu mzee bila kupepesa.

Mkewe alikuwa uani mbele yetu anapeta maharage. Mtaalamu aliandika "hana". Ulikuwa ugomvi kati ya adabu na takwimu, na adabu ilishinda.

Jioni alikula makande kwetu, uso umemshuka. "Kwa hali hii," alimwambia mama, "watakaowafikia majirani ni vilembwe wangu."

Mama akataka kueleweshwa. Alipokwisha kueleweshwa aliweka kijiko chini. "Yaani huko watu watasoma kwamba Mtae hatuna hata taa?"

"Nilivyoambiwa ndivyo nitakavyoandika, mama. Lakini wiki ijayo nitapita tena kuhakiki."

Jumapili, baada ya ibada, nilimwona mama amesimama nje ya kanisa katikati ya wanawake wenzake, wanazungumza kwa sauti ya chini mno kwa watu waliozoea kuitana toka kilima hadi kilima.

Tulipopita mara ya pili, Mtae ilikuwa imetajirika. Kila meza ilikuwa na taa ya chemli, kila mlango na viatu vimepangwa. Na kila nyumba ilikuwa na redio. Ya kwanza niliifahamu mara moja: ile ya darini, ambayo kitufe chake kilipotea na pakachomekwa kipande cha gunzi. Nyumba ya pili, redio yenye gunzi. Ya tatu, gunzi. Sisi tulikuwa tunafuata njia ya mgongoni mwa kilima, nayo ilikuwa inapitia njia ya chini migombani, ikitutangulia. Nyumba ya tano ilichelewa, mwenye nyumba akatulazimisha kula ndizi mpaka tukapumua kwa shida.

Nilijua, na niliandika, kwani safari hii daftari alikuwa amenipa mimi. Kwa mama nilikuta saa ya ofisi ya mwalimu mkuu imetundikwa ukutani. "Unayo saa, mama?" niliuliza, kama inavyotakiwa. "Si unaiona?" alijibu. Nikaandika saa moja.

Nyumba ya saba, redio ilikuwa haijafika. Tukiwa uani akapita binti mmoja haraka haraka, amebeba mtoto mgongoni, kanga imemfunika gubigubi. Mtaalamu akamsimamisha kwa upole.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, amelala."

"Mbona ana pembe nne?"

Mtaalamu akaomba ampakate. Akaifunua kanga, akaigeuza redio, akanionyesha chini yake alama sita za penseli, ndogo, zimepangwa mstari mmoja. Alikuwa ameipiga alama kila nyumba.

"Mwalimu," aliniambia, "redio hii imeandikwa kuliko daftari langu. Kwa nini hukuniambia?"

Aibu ilinijaa, lakini ulimi ulitangulia. "Uliomba mtu wa kutafsiri. Hukuomba wa kushitaki."

Alicheka mpaka akatafuta kigoda.

Kesho yake aliwakusanya watu darasani kwangu, akaapa kwamba hakitachukuliwa hata kijiko, na akawaomba ukweli. Akasimama yule mama wa bati la mwanawe.

"Hao majirani, uliwahesabu wewe?"

"Hapana, mama. Tuliletewa hesabu yao."

"Basi umejuaje kama redio yao nayo si moja?"

Nilitafsiri neno kwa neno, kwa furaha nisiyoificha. Mtaalamu aliyaandika maneno yale pembeni mwa karatasi.

Hesabu ya tatu ilikuwa ya kweli, au karibu. Redio zilikuwa nne, saa mbili, baiskeli hakuna. Mama alimlazimisha aandike pia kwamba sasa barua ikija nyumbani anasomewa na mimi binti yake, si na karani. Mtaalamu akasema hilo halina safu. Mama akamwambia achore. Akachora.

Ripoti yenyewe sikuiona kamwe. Lakini baadaye iliwasili barua inayoniita Kwamkoro kwa kazi kama ile, kwa watu wa mashamba ya chai. Mama alinifungia viazi vya njiani, akanisindikiza mpaka barabarani.

"Ukifika," alisema, "waulize wana mablanketi mangapi kila nyumba."

"Mablanketi hayamo kwenye orodha, mama."

"Najua hayamo. Uliza tu, uniletee jibu. Nataka kujua kama tumewazidi."