Chochote Mtakachotujalia

Nilipokuwa mdogo pale Makongeni, mama wa nyumba ya pili aliniuliza ningependa kula nini, nami nikamjibu, "Chapati." Alikuwa mama mkarimu, akaukanda unga akanipikia. Nilikula nikashiba, nikarudi nyumbani nikijigamba, na chapati zile zikanitokea puani. Mama yangu alinifinya sikio mbele ya ndugu zangu wote. "Mtu akikuuliza unataka nini, unasema chochote," akaniambia. "Mgeni hachagui. Na mwenye shida hachagui."

Sisi Wakamba wa nyumba za reli tulilelewa hivyo, na majirani wetu Wakikuyu walilelewa vivyo hivyo. Tulipotembeleana kila mtu alisema chochote, na mwenye nyumba akapika alichokuwa nacho. Adabu ile ilitufaa miaka mingi. Sikujua kwamba ingekuja kumlaza mwanangu kitandani.

Mimi ni dereva. Naendesha basi la shule ya kimataifa iliyo upande wa pili wa mji, kule ambako miti ni mingi kuliko watu. Binti yangu anasoma shule ya msingi ya serikali, karibu na nyumbani hivi kwamba kengele yake tunaisikia tukinywa chai. Mama yake alitutoka wakati mtoto bado anajifunza kufunga kamba za viatu, tukabaki wawili, pamoja na dada yangu anayeishi Shauri Moyo na kuuza mitumba katika soko la Gikomba. Yeye huja kila Jumapili baada ya kanisa kukagua kama bado tuko hai.

Shule ninayoiendeshea basi huwa na wiki moja kila mwaka ya kuchangia wasiojiweza. Watoto huoka keki wakauziana wenyewe kwa wenyewe. Walimu hukaa kwenye kiti wakamwagiwa maji, na anayetaka kumwaga analipa kwanza. Siku ya mwisho, mwanafunzi hulipa ili aruhusiwe kuja na nguo za nyumbani. Hilo lilinichekesha peke yangu kwenye usukani, kwa sababu kule kwa binti yangu mtoto akija na nguo za nyumbani anarudishwa langoni. Lakini siwacheki watoto wale. Wengi walitoa kwa moyo, na mtu anayetoa kwa moyo hachekwi, hata kama amevaa nguo za kulalia mchana kutwa.

Mwaka huo chama cha wanafunzi wanaosimamia michango kiliamua kusaidia shule moja ya Eastlands, upande wetu wa mji. Mwalimu wao, kijana mpole aliyetoka ng'ambo, alikuja kunionyesha jina la shule ili nijue njia. "Unaijua?" akaniuliza. Nikamwambia naijua. Sikusema kwamba mwanangu anasoma humo, kwa kuwa sisi madereva tumekatazwa kuwapelekea wanafunzi na wazazi wao shida za nyumbani kwetu. Ni sheria nzuri, na ndiyo inayonipa unga.

Nikawapeleka. Mwalimu mkuu wa pale ni mama wa makamo mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na namheshimu sana. Wageni walimuuliza shule ina mahitaji gani. Akaunganisha mikono yake, akatabasamu, akasema, "Chochote mtakachotujalia, tutashukuru." Nilikuwa nimesimama kando ya basi, na nusura nishike sikio langu.

Basi wakaleta rangi. Walikuja Jumamosi moja na makopo na ngazi, wakachora kwenye ukuta mrefu kuliko zote, ule unaotazama uwanja. Walichora twiga ambaye shingo yake ilifika kwenye bati, wakachora vipepeo, wakapiga viganja vyao vya rangi chini ya miguu yake. Ilikuwa kazi nzuri, sitasema uongo. Akina mama walipika pilau. Mgeni aliyetaka kujisaidia alipewa ufunguo wa choo cha walimu, kilichokuwa kimesuguliwa alfajiri ile na kuwekwa sabuni mpya. Kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyezunguka kwenda nyuma ya ule ukuta wa twiga, na nyuma yake ndipo vilipo vyoo vya wasichana.

Miezi ikapita. Binti yangu akaanza kuugua. Homa ilimpanda, mgongo ukamuuma, na akienda haja ndogo alikuwa akilia. Zahanati wakampa dawa wakasema anywe maji mengi. Akapona, akaugua tena. Nikamnunulia chupa nzuri ya maji yenye kifuniko cha rangi ya zambarau aliyokuwa akiipenda. Kila asubuhi niliijaza, na kila jioni nikiinyanyua mezani ilikuwa na uzito ule ule. Nilimgombeza. Nilimwambia nachoka kumlipia dawa za ugonjwa anaoutafuta mwenyewe. Alitazama sakafu. Mara ya tatu daktari alinivuta pembeni akataja figo.

Jumapili hiyo dada yangu alijifungia na mtoto chumbani. Alipotoka, hakuketi.

"Kumbe wewe ni baba wa kuangalia tu chupa," akaniambia. "Huyu mtoto hanywi maji juu choo ya shule haina mlango. Ashaambia kila mtu isipokuwa wewe, juu wewe ni mwanaume."

"Haina mlango aje? Wazazi tulichanga milango."

"Ya mbao. Ilibebwa holiday, ikaenda kuni. Saa hii ni shimo na ukuta tu. Asubuhi mpaka jioni wasichana wanajikaza."

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya pazia. "Tunashikiana sweta, Baba," akasema. "Lakini maboy wanapitanga hapo wakicheka. Afadhali nisikunywe. Na hiyo twiga."

"Twiga amefanya nini?"

"Si iko tu hapo inasmile."

Nilicheka. Kisha nikaona haya kwa kucheka, na hasira ikanipanda, nikatoka nje nikasimama kwenye kamba za kuanika nguo hadi machozi yakakauka. Niliwakasirikia wezi wa milango. Niliwakasirikia wenye rangi. Zaidi ya wote nililikasirikia neno lile la mama yangu, na yeye ameshalala kaburini Machakos, hawezi kujitetea.

Kesho yake nilimwendea mwalimu mkuu. Hakunificha chochote. Alikuwa ameomba ofisi zote zinazoombwa, akaambiwa angoje. Alikuwa ameita wazazi, na wazazi ni wale wale waliochanga mara ya kwanza.

"Na wale wageni?" nikamuuliza. "Wale walikuuliza wazi kabisa."

"Baba, mimi nimesimama mbele ya watoto wa watu, wameniletea zawadi. Nianze kuwaambia habari ya choo?" Alikuwa amejishika paji la uso. "Mgeni haonyeshwi uchafu wa nyumba."

"Basi nitawaambia mimi."

"Wewe ni dereva wao. Ukiwaomba, kesho hutakuwa na basi. Na mtoto wako atakula hiyo milango?"

Alisema kweli, na ndiyo maana niliondoka nikiwa na hasira zaidi ya niliyokwenda nayo.

Muhula uliofuata nikaambiwa niwapeleke tena. Walikuja kuona ukuta wao na kuuliza watasaidia nini safari hii. Watoto walipangwa uwanjani, kwaya ikaimba, na binti yangu alikuwa mstari wa mbele. Jua lilikuwa kali. Niliitazama midomo yake iliyokauka ikifunguka na kufumba, na sikusikia hata neno moja la wimbo.

Yule mwalimu mpole akasimama, akashukuru, akauliza shule ingependa nini mwaka huu. Mwalimu mkuu alinitupia jicho mara moja. Kisha akaunganisha mikono yake.

"Chochote," akasema. "Chochote mtakachotujalia."

Wakati huo huo mmoja wa wanafunzi wageni, msichana wa rika la binti yangu, alimnong'oneza mwalimu wake. Ni mtoto wa Nairobi hii hii, ila ile ya upande mwingine. Kila mtu alielewa anachotaka, na mwalimu mkuu, kwa ukarimu wake, tayari alikuwa ameingiza mkono mfukoni kuutoa ufunguo wa choo cha walimu. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Mdomo wangu ukafunguka kabla sijaushauri.

"Mwalimu," nikasema kwa Kiswahili, polepole, "nadhani huo ufunguo umepotea leo."

Akanigeukia. "Umepotea?"

"Umepotea, Mwalimu."

Mkono wake ulikaa mfukoni. Alinitazama mimi, kisha akaitazama kwaya, na najua alimtazama nani. Mimi nilikuwa nikisali. Sikuiombea kazi yangu, nilimwombea mama yule apate nguvu ya kuwa mkosefu wa adabu kwa dakika moja tu. Mkono ulipotoka ulikuwa mtupu.

"Ni kweli," akasema. "Umepotea." Akamgeukia yule msichana, akamweleza kwa Kiingereza kwamba ufunguo wa choo cha walimu hauonekani, na kwamba angempeleka yeye mwenyewe kwenye choo cha wasichana wenzake. Akavua shali yake mabegani, wakazunguka ukuta wa twiga.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na binti yangu, kwa kuwa yeye na wenzake waliwafuata. Mwalimu mkuu alisimama mbele ya tundu la kuingilia, akaitandaza shali kwa mikono yote miwili, akageuza uso wake. Shali haikutosha upana. Basi wasichana wetu, kwa mazoea, wakavua sweta zao wakaziba pande mbili, kama wanavyofanyiana kila siku, bila kuambiwa na mtu.

Mtoto yule alirudi uwanjani macho mekundu. Alimwambia mwalimu wake mbele yetu sote, "Hakuna milango. Tulipaka rangi ukuta, na hakuna milango."

Mwalimu yule kijana alibadilika rangi. Alinijia mimi. "Ulikuwa unajua?"

"Nimejua mwaka huu. Binti yangu ni yule pale, mwenye sweta mkononi."

"Mbona hukutuambia?"

Ningeweza kumtajia sheria ya madereva. Lakini nilimwambia ukweli mwingine. "Mwalimu, nyinyi mliuliza vizuri, nasi tukajibu vizuri. Kwetu hilo neno chochote si jibu. Ni salamu."

Sijui kama alielewa. Njiani kurudi nilishika usukani nikijiuliza kama ndiyo safari yangu ya mwisho. Haikuwa. Hakuna aliyeniita ofisini, ingawa nilingoja kuitwa wiki nzima.

Niliwasikia wakibishana ndani ya basi siku zilizofuata kama michango ya mwaka huo inunue milango. Jarida la shule yao huonyesha wazazi jinsi michango ilivyotumika, na mmoja alisema picha ya choo haitapendeza. Yule msichana akamjibu kwamba watapiga picha milango ikiwa imefungwa, kwani ndiyo kazi yake. Mabishano yakaishia hapo.

Hata hivyo walitaka kuipamba kwa vipepeo. Mwalimu wao alirudi kumuuliza mwalimu mkuu kama wachore vipepeo au maua, nami nilikuwapo. Mama yule alianza kuunganisha mikono yake, kisha akaiachanisha.

"Hapana," akasema kwa ile sauti yake ya kwaya. "Ya chuma. Rangi ya kijivu, isiyochafuka haraka. Ifike chini kabisa. Na iwe na komeo kwa ndani." Akasukuma kidole hewani kama anayefunga. "Komeo kwa ndani, tafadhali. Hilo msisahau."

Watu wazima hawalii ovyo, lakini ilinibidi niiname kukagua tairi.

Milango ilitengenezwa na fundi wa Shauri Moyo. Sisi wazazi tulitoa saruji na chakula cha mafundi, ingawa hakuna aliyetuomba, kwa sababu kutazama tu kulitushinda. Fremu zikashindiliwa ukutani ili asije mtu akazing'oa tena. Twiga bado yuko upande wake akitabasamu, nami nimemsamehe.

Siku ya kwanza ya milango ile niliijaza chupa ya zambarau kama kawaida, bila kumgombeza. Nilimwona akiichukua, akaenda zake na wenzake. Nilishinda barabarani mchana kutwa, nikawashusha watoto wa watu kwenye malango yao, na jioni nikarudi nyumbani. Alikuwa mezani akiandika, chupa kando yake. Niliinyanyua kama nilivyozoea, na mkono wangu ukapanda juu kuliko nilivyotarajia, maana haikuwa na kitu.