Kanzu ya Mtani Wangu

Habari ilinifikia nikiwa sokoni Mkuyuni nachagua mananasi: yule mzee aliyefundisha watoto Kurani kwenye kitongoji cha juu mlimani amefariki alfajiri, na atazikwa baada ya swala ya adhuhuri. Wasomaji wangu wa siku zote mnamjua, ingawa sikuwahi kumtaja jina. Ndiye niliyemwandika kwenye safu hii miaka michache iliyopita, nikasifu namna alivyokuwa akiketi makaburini kwao, akasoma Yasini mpaka mwisho, akaomba dua, kisha akanyunyiza unga wa mtama na kuwaita wajomba zake waliotangulia, mmoja mmoja, awaambie kuwa mvua imechelewa. Niliandika kwa mapenzi, wallahi. Sikujua kuwa sifa zangu zitasomwa kama ushahidi.

Maana zilisomwa. Vijana waliorudi kutoka masomo ya dini mbali walilipeleka gazeti msikitini wakamuuliza mbele ya watu kama yaliyoandikwa ni kweli. Akasema ni kweli. Tangu hapo hakuswalisha tena, na watoto wakahamishiwa kwa mwalimu mwingine. Yeye aliendelea kwenda kuswali, safu ya nyuma kabisa, karibu na ndala. Nilipanda mlima kwenda kumwomba radhi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anacheka. Ukoo wetu na wao ni watani tangu mababu, na kwetu mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya vituko msibani: huvaa nguo za marehemu akamwigiza, ili wafiwa wapate kupumua. "Mdomo wako hauna mlango, mtani," akaniambia. "Basi faini yako hii. Nikifa utavaa kanzu yangu, utembee ninavyotembea, watu wacheke. Usipofanya, nitajua hukuja kuomba radhi, ulikuja kula ndizi zangu." Nikaahidi, tukapeana mikono.

Siku ya mazishi nilikuta uani pamejaa watu. Mwanawe mkubwa, naye ni mmoja wa wale waliosoma mbali, alisimama akatangaza: "Haya ni mazishi ya Muislamu. Hakuna utani, hakuna unga, na arobaini hatutaweka." Simchukii kijana yule. Macho yalikuwa mekundu. Aliamini kabisa kwamba anamnusuru baba yake na adhabu ya kaburi. Lakini ni baba huyo huyo aliyemfundisha alifu kwa kijiti, na mkono ulioshika kijiti ndio ulioshika unga wa mtama. Nilikuwa bado nawaza hayo pale dada wa marehemu aliponijia kwa kuzungukia nyuma ya nyumba, akanipa kanzu iliyokunjwa. "Haya mtani," akanong'ona, "anakusubiri." Nikawatazama vijana waliolizunguka jeneza. Nikaitia ile kanzu ndani ya mfuko wa mananasi. Tulizika kimya, na mjane wake sikumwona akipata kupumua hata mara moja.

Dini ilipanda milima hii ikawakuta watu wana makaburi yao na wajomba zao, na wazee wetu walikaa nayo nyumba moja bila kugombana. Sasa tunaambiwa tuchambue, hiki kibaki na hiki kitupwe. Mimi si shehe, sijui mpaka uko wapi, na jambo hilo linaninyima raha. Ninalolijua ni dogo na linaniuma zaidi. Mila nilizipenda zilipokuwa safu ya gazeti, mwingine akilipia. Zamu yangu ilipofika, kazi ya kutembea hatua kumi tu nikichechemea kama yeye, mkono mmoja mgongoni, niliona haya kutazamwa. Hakuna aliyenishika mkono. Tukija kuulizwa nani alizimaliza mila za Uluguru, tusiwataje wahubiri peke yao. Tujitaje na sisi wapenzi wake wa kwenye karatasi.

Juzi nilimpigia simu dada yake, nikamwambia nataka kuirudisha kanzu.

"Kaa nayo," akasema. "Ila tulikupa uivae. Kuitunza tungeitunza wenyewe."