Nilimkataza mwanangu kubadilisha ubongo

Ilikuwa ule mwaka wa njaa, wa unga wa njano wa msaada, wakati ugali ulinuka gunia na hata wenye ng'ombe wengi waliacha kujivuna. Mimi sikuacha. Kosa lilianzia hapo kwa majivuno yangu, na ni langu, silisukumii mtu.

Shule niliachia darasa la tatu, mnivumilie. Lakini hii kitu imenikaa kifuani kama mfupa wa samaki. Wacha niseme!

Kijana wangu wa kwanza, hapa nitamwita Ngeno, alikuwa anaunda kompyuta mjini Kericho. Si kuuza, kuunda! Analetewa vibati na nyaya, anavipanga ndani ya sanduku, anawasha, kioo kinaanza kuandika. Mtoto aliyezaliwa katikati ya majani chai, hapa Roret! Kanisani nilikaa benchi ya mbele ili watu waniulize habari zake.

Alinieleza kwamba ndani ya kila kompyuta kuna kitu kidogo kama biskuti. Hiyo ndiyo ubongo. Bila hiyo, sanduku ni sanduku tu. Ubongo zake zote aliletewa na Mzee mmoja mwenye duka mjini, ambaye naye alizitoa Nairobi.

Sasa sikieni. Huyo Mzee alitahiriwa pamoja na marehemu mume wangu. Na kwetu Wakipsigis, mtu wa rika la baba yako ni baba yako. Akikuchapa, unasema asante.

Siku moja Ngeno akaja nyumbani, akakaa mpaka chai ikapoa mbele yake.

"Mama, nataka kubadilisha ubongo."

"Umekuwa mgonjwa?"

Akacheka. "Ya kompyuta, mama. Nataka kuchukua kwa watu wengine."

Akanieleza pole pole. Ubongo za Mzee zinashika moto kama sufuria. Zinachelewa kufika. Wenye kuziunda huko ng'ambo wamelegea, wenzao wamewapita, na programu mpya ambazo shule zinataka haziwezi kukimbia juu yake. Tena kubadilisha si mchezo, maana ubongo mpya inataka na ubao mpya wa kuikalia, na programu zingine za zamani zinaweza kuikataa. Ndiyo maana alitaka kuanza mapema, kabla hajachukua kazi ya shule moja kubwa kule upande wa Chebunyo.

"Wewe si uliacha dume la jirani?" akaniuliza. "Ndama walikuwa wanatoka wembamba, ukaita daktari wa ng'ombe na sindano yake ya mbegu. Nani alikusema?"

"Dume si baba!" nikamfokea. "Huyo mzee alikaa jandoni na baba yako. Utaenda umwambie nini? Ati ubongo yake ni moto?"

"Lakini ni moto, mama."

"Basi ukimwacha, usinywe tena maziwa katika nyumba yangu!"

Ole wangu! Mama gani anamtishia mtoto na maziwa?

Na sikuishia hapo. Jumapili nikamwita Mzee, nikammiminia mursik, maziwa yetu ya kulala, ya kibuyu changu kizuri, nikamwambia, Ngeno naye akiwa ameketi pale pale, "Huyu hatabadilisha. Nimesema mimi."

Mzee akapangusa midomo. "Huyu ni mtoto wangu," akasema. Ngeno alikuwa anaangalia sakafu. Mimi nikafikiri ni heshima!

Kompyuta zikaenda Chebunyo na ubongo za Mzee. Kule chini kuna jua, si kama kwetu kwa ukungu. Mwalimu akiwasha jenereta, hazijamaliza kipindi zimeganda, zimesimama kama ng'ombe aliyekataa kuingia dipu ya dawa ya kupe. Wanafunzi wanapepea masanduku kwa vitabu! Zikarudishwa kwa pikapu, mchana, watu wote wa mjini wakiona. Shule zingine zikasikia. Hakuna aliyeagiza tena.

Nikajifunga leso nikaenda dukani kwa Mzee. Nilikuwa na hakika baba atamsimamia mtoto wake.

"Hizo zimepitwa, Mama Ngeno," akaniambia, hata hakuinuka. "Mimi mwenyewe niliziacha. Siku hizi naleta hizi zingine."

"Unampa nani?"

"Wale vijana wa karibu na steji."

"Na Ngeno je?"

"Ngeno si ulisema habadilishi? Nilikunywa maziwa yako, nikaheshimu neno lako."

Jamani! Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiongea peke yangu kama mlevi. Nilikuwa nimemfungia mtoto wangu kamba, na aliyeshikilia ncha ya pili alikuwa ameshaiachilia zamani!

Ngeno akafunga karakana. Sasa yuko Nakuru, anaundia watu wengine kompyuta, kwa jina lao. Krismasi anakuja, anakunywa chai akiwa amesimama, anasema "asante mama," anaondoka. Afadhali angenitukana!

Kina mama wenzangu, shikeni hii. Rika ni rika, na kazi ni kazi. Mtoto akisema anaacha huyu anashika yule, muulize sababu, kisha umsikize mpaka amalize. Hajamwacha baba yake. Ameacha kitu kibovu.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu wa ile shule ya Chebunyo alikuja mpaka kwangu, na sukari mkononi. Amepata kompyuta zingine, hakuna mtu wa kuziangalia.

"Mama, mwambie Ngeno arudi nyumbani. Wewe ukiamuru, atakuja."

Mungu ananiona, moyo uliruka! Namtaka hapa, namtaka hata kesho asubuhi.

"Muulize mwenyewe. Mimi siamuru mtu mzima."

"Neno moja tu, mama. Kwani hutaki mtoto wako karibu?"

"Mimi siamuru mtu mzima."