Aliyemchunguza mkewe sasa asaka kamera za siri Singida

Saa nne asubuhi, Mandewa. Zefania Ntandu amevua viatu mlangoni na kuketi kwenye zulia, kompyuta mapajani. Mwenye nyumba, muuguzi aitwaye Martina, amesimama akikunja na kukunjua ncha ya khanga.

"Zima simu yako, dada. Sasa televisheni."

Martina alimwita kwa sababu kifurushi chake cha intaneti cha mwezi mzima kinaisha wiki ya pili. Kwenye kioo, orodha ya vifaa vinavyotumia intaneti ya nyumba inapungua. Kinabaki kimoja ambacho Martina hakijui.

Zefania anainuka, anachomoa waya mmoja mmoja ukutani, kila mara akirudi kutazama orodha. Anapochomoa saa ya mezani, jina linapotea. Anaimulika kwa tochi. Katikati ya tarakimu panameta kitone kidogo kama tundu la sindano: jicho la kamera.

"Hii imetoka wapi?"

"Mume wangu aliileta kutoka Manyoni, kazini kwake. Alisema ni ya kuniamsha niwahi zamu." Martina anakaa. "Nipe niivunje."

"Usivunje. Huo ni ushahidi wako."

Anaipiga picha, anaifunga kwenye mfuko, kisha anamwelekeza Martina abadilishe mwenyewe nywila ya intaneti, naye anageukia dirishani asiione. Anamwachia namba ya dawati la jinsia polisi na kumsihi asimkabili mumewe akiwa peke yake. Martina anasema ataanza na kaka yake.

Kwa miaka miwili, Zefania, mwenye umri wa miaka 38, amekuta vifaa vya namna hii katika nyumba 23. Katika nyumba 17, aliyevitega alikuwa mume au mke.

"Watu wanadhani ni majambazi," anasema akivaa viatu. "Ni wivu. Naujua, maana na mimi nilitega."

Wakati huo alikuwa fundi wa kuunganisha intaneti, akishinda vijijini. Mkewe, Janeth, alishonea nyumbani. Mteja aliyemkosesha Zefania usingizi alikuwa Simoni, mwalimu mrefu mwenye maneno ya kuchekesha, aliyeleta suruali kupunguzwa mara kwa mara.

"Nikajiuliza, mtu mmoja ana suruali ngapi? Mke wangu akicheka na mimi, anacheka kidogo. Kwa Simoni alicheka mpaka anaegemea cherehani."

Alinunua kamera iliyofichwa ndani ya chaja kwa shilingi 45,000 na kuichomeka chumba cha kushonea. Kwa siku kumi na tisa alimtazama mkewe kupitia simu, hata akiwa juu ya nguzo. Kamera haikuwa na sauti, hivyo maneno alijitungia mwenyewe. Alikonda.

Siku ya ishirini, akiwa Mungaa, aliona Simoni akimpa Janeth bahasha, naye akaipokea kwa mikono miwili. Zefania aliacha kazi nusu, akapanda bodaboda mpaka nyumbani.

"Bahasha iko wapi?" alifoka kabla ya kusalimia.

Janeth aliinua macho. "Umejuaje kuna bahasha?"

Zefania anasema hajawahi kuulizwa swali zito kama lile. Janeth akamrushia bahasha. Ilikuwa kadi ya mchango wa harusi ya Simoni, na juu yake imeandikwa: Bwana na Bibi Ntandu.

Kisha Janeth alizunguka chumba akigusa kitu kimoja kimoja, mpaka akaifikia ile chaja. Jioni hiyohiyo alibeba cherehani akaenda kwa mama yake, kijijini Misigiri.

Alikaa huko miezi mitano. Zefania alipokwenda kuomba radhi, aliinama uani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemfuata mke, au umefuata kamera yako?"

Janeth alirudi kwa masharti: nywila ya intaneti anaishika yeye, na Zefania atumie ujuzi wake kuwasaidia waliofanyiwa kama yeye.

Wivu je, umekwisha? Zefania anatazama chini.

"Ningesema umekwisha ningekudanganya. Juzi alikuwa kwenye simu anacheka. Nikatoka nje kuchota maji, na pipa lilikuwa limejaa."

Sasa wanapanga kufungua ofisi yao mjini kabla ya mwisho wa mwaka. Janeth ameshajifunza kusoma orodha ya vifaa, na yeye ndiye atakayeingia vyumbani, kwani wanawake wengi hawataki mwanamume apekue walalapo. Wateja wameanza kumpigia yeye moja kwa moja, wakiwemo wanaume.

"Watampigia sana," anasema Zefania. "Nikiumia, nitamuuliza kwa mdomo. Na jibu atakalonipa, nitajifunza kulala nalo."