Viti vilivyotangaza kifo changu

Rafiki zangu, leo mchana nimeliliwa kilio, na mimi niko hai.

Kosa ni la waridi langu. Nilitaka kulipiga picha kwa simu, nyuma yake kuwe laini na tupu. Lakini nyuma kulikuwa na viti, ndoo na sufuria.

Basi binti yangu Odette akatoa vyote hadi barabarani, kisha akatundika shuka jeupe kwenye kamba.

Hapa Lubumbashi viti vikitolewa nje, mnajua watu wanaelewa nini: kuna msiba. Na mtaa wetu mzima wa Kasungami unajua kwamba moyo wangu umechoka.

Nikiwa nimeinama nyuma ya shuka, nikamsikia jirani yangu Mama Mwamba akiingia analia. Hatujasalimiana tangu kuku wake walipokula maua yangu.

"Papa Kalenga, unaenda sijakuomba pardon. Bakuku ilikuwa yangu, kosa iko yangu. Muntu wa roho muzuri hivi."

Naungama kabla sijafa kweli: sikutoka upesi. Sifa zilikuwa tamu.

Mwishowe nikafunua shuka. "Mama, endelea. Hujafika kwenye sauti yangu ya kuimba."

Alipiga yowe, halafu akanichapa na kitambaa chake. "Muzee, uko mubaya."

Tulicheka mpaka kidole changu kikabonyeza simu chenyewe.

Itazameni picha. Waridi liko wazi kabisa, na nyuma yake kuna kijani laini tu. Hicho ni kikwembe alichojifunga Mama Mwamba.

Siku viti vikitoka kweli, msimsumbue. Yeye ameshalia.